KUMBUKUMBU ZA KAZI NA MAFAO YA MFANYAKAZI: MIFUMO ISOMANE KWA FAIDA YA NANI?

Utangulizi

Siku hizi maneno "mifumo isomane" yanasikika katika hotuba za viongozi, katika ofisi za Serikali na hata katika vikao vya matawi yetu. Makada wengi huyarudia bila kueleza maana yake. Wengine huyaona kuwa ni mambo ya wataalamu wa kompyuta, yasiyowahusu watu wa siasa. Fikra hizo si sahihi. Jambo hili ni la siasa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu linarudisha mbele yetu swali la zamani katika harakati za wafanyakazi: nani anaandika kumbukumbu za kazi, nani anazishika, na zinatumika kwa faida ya nani?

Makala haya yanaeleza swali hilo kwa kutumia mfano wa wafanyakazi wa Moshi, hasa wale wanaoishi katika mitaa kama Majengo, ambako mtu anaweza kuwa kibarua wa gereji mwezi huu, mhudumu wa nyumba ya wageni mwezi ujao, na mpagazi wa Mlima Kilimanjaro msimu wa watalii unapofika. Mfanyakazi wa namna hiyo hafanyi kazi kidogo kuliko karani mwenye ajira ya kudumu. Lakini akifika uzeeni, au akivunjika mguu, mara nyingi hana karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya kazi. Jasho lake limetoka, alama yake haikubaki.

1. Kumbukumbu kama pingu

Hapana budi tuanze na historia. Kumbukumbu ya kwanza ya kazi ambayo mfanyakazi wa nchi yetu aliifahamu haikuwa ya kumlinda. Ilikuwa kipande. Mwaka 1907 utawala wa Wajerumani ulianzisha kadi za kazi katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto. Kila mwanamume alipaswa kumfanyia kazi mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, na kadi ndiyo iliyoonyesha kama amezitimiza. Asiyetimiza alipelekwa kwenye kazi za utawala. Baadaye, wakati wa Waingereza, kipande cha siku 30 kiliendelea kutumika katika mashamba ya mkonge: mshahara ulihesabiwa kadi ilipojaa, na siku ambayo nyapara hakuitia alama ilikuwa siku iliyopotea.

Tuchunguze jambo hili kwa makini. Kipande kilikuwa chombo cha taarifa. Kilikuwa na jina, kilihesabu siku, kilimfuata mtu popote alipokwenda. Kwa lugha ya leo tungesema kilikuwa mfumo mzuri wa kutunza data. Lakini kilihesabu kile mfanyakazi anachodaiwa, hakikuhesabu kile anachostahili. Aliyekiandika alikuwa bwana, na aliyekisoma alikuwa bwana huyo huyo. Somo la kwanza, basi, ni hili: kumbukumbu sahihi peke yake si ukombozi. Inategemea tabaka gani linaishika.

2. Kumbukumbu kama haki

Baada ya Uhuru hali ilianza kubadilika. Mwaka 1964 ilitungwa sheria ya Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, NPF. Kwa mara ya kwanza mwajiri wa kibarua wa kawaida alilazimika kuandika jina la mfanyakazi ili kumwekea akiba. Mwaka 1997 sheria mpya iliugeuza mfuko huo kuwa NSSF, na tofauti yake si ya jina tu. Mfuko wa akiba humrudishia kila mtu alichoweka. Hifadhi ya jamii ni bima ya pamoja: mzima humsaidia mgonjwa, aliye kazini humsaidia mzee, aliye hai huwasaidia yatima wa aliyekufa. Hiyo ndiyo maana ya mafao ya uzee, ulemavu, urithi, uzazi, matibabu, msaada wa mazishi na kupoteza ajira.

Sambamba na hayo, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Katika mfuko huu mchango hutoka kwa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti moja, na aliyeumia kazini hahitaji kusubiri miaka ya uchangiaji. Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF kwa ajili ya utumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri.

Haya ni mafanikio ambayo kada lazima aweze kuyaeleza. Lakini lazima aeleze pia upungufu wake. Mafao yote hayo, isipokuwa fidia, yanasimama juu ya jambo moja: mchango ulioandikwa. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Sheria inamtaka mwajiri wa sekta binafsi awasilishe asilimia 20 ya mshahara, na sehemu anayoweza kumkata mfanyakazi haizidi nusu ya hiyo. Mwajiri akikata asiwasilishe, au akikataa kwamba huyu ni mwajiriwa wake, mfanyakazi hugundua kosa hilo baada ya miaka mingi, kampuni imekwisha kufungwa na mashahidi wametawanyika.

3. Nini maana ya mifumo kusomana?

Tuseme ofisi nne zina madaftari manne. Ya kwanza inajua mtu ni nani; hiyo ni NIDA. Ya pili inajua nani ameajiri nani na amechangia kiasi gani. Hiyo ni NSSF. Ya tatu inajua nani ameumia kazini. Hiyo ni WCF. Ya nne inajua kampuni ipi inafanya biashara na inalipa kodi. Hiyo ni TRA. Kila daftari likifungiwa katika kabati lake, mfanyakazi ndiye anayekuwa tarishi. Anabeba barua kutoka ofisi moja kwenda nyingine, anaambiwa jina halilingani, herufi moja imekosewa, arudi kesho.

Mifumo inaposomana, ofisi moja huuliza na nyingine hujibu kwa mashine, bila mfanyakazi kupanda basi. Ili hilo liwezekane vinahitajika vitu vitatu. Kwanza, namba moja inayomtambulisha mtu mahali pote, na kwetu hiyo ni namba ya kitambulisho cha taifa. Pili, njia ya pamoja ya kupitishia taarifa. Mamlaka ya Serikali Mtandao imekwisha kujenga mfumo wa kubadilishana taarifa uitwao GovESB. Tatu, sheria inayosema nani anaruhusiwa kuuliza nini. Sheria ya Serikali Mtandao ilitungwa mwaka 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 ikaanza kutumika Mei 2023.

Nchi nyingine zimepita njia hii. India mwaka 2014 ilianza kumpa kila mwanachama wa mfuko wake wa akiba ya wafanyakazi namba moja ya kudumu, ili akihama mwajiri akaunti isibaki nyuma. Mwaka 2021 ikafungua daftari la taifa la wafanyakazi wasio na ajira rasmi. Kwa hiyo jambo hili si ndoto. Ni kazi inayoweza kufanyika katika nchi maskini.

4. Mfano wa mpagazi wa mlima

Sasa tuingie katika mfano wetu. Mpagazi, au "mgumu" kama wapagazi wanavyoitana, hubeba mahema, chakula na mizigo ya mgeni kwa siku tano hadi nane, katika baridi na hewa nyepesi, kuelekea kilele chenye urefu wa mita 5,895. Uzito unaoruhusiwa ni kilo 20, na mzigo hupimwa kwenye mizani katika lango la hifadhi, iwe Marangu, Machame au Londorossi. Mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ulioanza Moshi mwaka 2003, pamoja na vyama vya wapagazi wenyewe, umepigania ujira, chakula na mavazi yao. Lakini kazi yenyewe ni ya safari kwa safari. Leo kampuni hii, wiki ijayo kampuni ile. Mara nyingi anayemchukua mpagazi ni mwongozaji, siyo ofisi ya kampuni. Kila mmoja anaweza kusema: huyu si mwajiriwa wangu, ni kibarua wa safari moja.

Wazee wa Kilimanjaro watalielewa jambo hili haraka. Tangu enzi za kuanzishwa kwa KNCU mwaka 1933, mkulima alijua kwamba kahawa ikipanda kwenye mizani ya chama cha msingi, hana budi kupewa stakabadhi. Mizani bila stakabadhi ni wizi. Mpagazi naye anapitia kwenye mizani. Mizani ile inaulinda mgongo wake leo, na ni jambo jema. Lakini kilo zinazosomwa pale haziandiki chochote, zenyewe, katika akaunti yake ya uzeeni. Mzigo unajulikana, kampuni inajulikana, siku ya kupanda na ya kushuka zinajulikana. Kinachokosekana ni uzi wa kuyaunganisha.

Tufanye hesabu. Tuchukue ujira wa shilingi 20,000 kwa siku. Mpagazi anapanda siku saba na kampuni ya kwanza na siku sita na kampuni ya pili katika mwezi mmoja. Amepata shilingi 260,000. Asilimia 20 yake ni shilingi 52,000, na angalau nusu ya hizo, shilingi 26,000, ni wajibu wa waajiri. Kila kampuni ikihesabiwa peke yake, safari moja inaonekana kuwa jambo dogo lisilostahili kuandikwa. Zikiunganishwa kwa namba moja ya mtu, huo ni mwezi kamili wa uchangiaji.

Tuendelee. Mvua za Aprili, Mei na Novemba hupunguza safari. Tuseme mpagazi anapata kazi miezi minane kwa mwaka. Ili afikishe michango ya miezi 180 anahitaji miaka 22 na nusu. Akianza na umri wa miaka 20, atafikisha akiwa na miaka 42 na miezi kadhaa. Inawezekana, ingawa ni kwa taabu. Lakini ikiwa nusu ya safari zake haziandikwi, inabaki miezi minne kwa mwaka, naye anahitaji miaka 45. Hakuna mgongo wa binadamu unaoweza kubeba kilo 20 mlimani mpaka umri wa miaka 65. Kwa hiyo kutoandika nusu ya safari si kumpunguzia pensheni kwa nusu. Ni kumnyima yote.

Ndiyo maana tunasema kuunganisha kumbukumbu za lango la hifadhi na NSSF na WCF si anasa. Kampuni inapoingiza majina ya wapagazi kwa namba zao za taifa, siku zao zihesabiwe, mchango udaiwe hapo hapo kwa namba ya malipo ya Serikali kama zinavyodaiwa tozo nyingine, na mpagazi apate ujumbe kwenye simu yake: umeandikwa siku saba, mwajiri ni fulani, mchango ni kiasi fulani. Ujumbe huo ndio stakabadhi ya mizani.

5. Pingamizi tunazokutana nazo

Waajiri watasema gharama zitapanda na wageni watakwenda kwingine. Jibu ni kwamba Mlima Kilimanjaro hauwezi kuhamishwa. Tena, kampuni inayochangia kwa uaminifu ndiyo inayoumizwa leo na mshindani anayepunguza bei kwa kula michango ya wapagazi. Kumbukumbu za pamoja zitawaweka wote kwenye mstari mmoja.

Pingamizi la pili latoka kwa mpagazi mwenyewe, nalo ni zito zaidi. Atasema: "Ndugu, unikate asilimia 10 leo, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa daftari na sare?" Kada asimdharau wala asimwite mjinga. Mtu anayeishi kwa ujira wa safari hadi safari ana haki ya kuuliza hivyo. Ajibiwe kwa hesabu: kwamba kwa kila shilingi anayokatwa, mwajiri anaongeza angalau shilingi nyingine ambayo bila kumbukumbu asingeiona kamwe, kwamba fidia ya kuumia haimgharimu chochote, kwamba mafao si ya uzee tu. Na aambiwe ukweli pia: kwamba kanuni zilizopo zilitungwa kwa kumfikiria mtu wa mshahara wa kila mwezi, na kwamba kuzirekebisha ili zimfae mfanyakazi wa msimu ni madai halali ya kisiasa ambayo Chama kinapaswa kuyabeba.

6. Mashine haiamui haki

Hapa tunafikia kiini cha nadharia. Azimio la Arusha la 1967 lilitufundisha kwamba fedha si msingi wa maendeleo, bali ni tunda lake. Leo wako wanaofikiri kompyuta imechukua nafasi ambayo zamani walidhani ni ya fedha. Hilo ni kosa lile lile katika vazi jipya. Tuangalie mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa kwetu. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuondoa watumishi hewa zaidi ya 10,000 katika orodha ya mishahara. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ulitoa majina 9,932 ya watumishi waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kulinganisha daftari moja na jingine kuliokoa fedha za umma, na hilo ni jema. Lakini daftari halikuweza kujibu swali lililofuata: mtu aliyeondolewa, ambaye hata hivyo alifanya kazi na kukatwa michango kwa miaka, arudishiwe michango yake au la? Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliamua warudishiwe kile walichochangia wenyewe. Mashine ilitaja majina. Haki iliamuliwa na siasa.

Vivyo hivyo na kikokotoo cha pensheni. Kanuni za 2018 zilileta malalamiko makubwa, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli alizisimamisha. Mwaka 2022 malipo ya mkupuo yakawekwa asilimia 33. Kompyuta ingeweza kukokotoa kwa kanuni yoyote kati ya hizo kwa wepesi ule ule. Kuchagua kanuni ni kazi ya watu.

Mfano wa pili ni Australia. Kati ya mwaka 2015 na 2019 serikali ya huko ililinganisha kwa mashine taarifa za kodi na za misaada ya jamii. Mashine ilichukua kipato cha mwaka mzima na kukigawa sawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kila mtu hupata mshahara ule ule mwaka wote. Watu wenye kazi za msimu, waliopata leo na kukosa kesho, waliandikiwa madeni wasiyodaiwa, tena bila msingi wa sheria. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake mwaka 2023 na kulaani mpango huo. Mfumo ulisomana vizuri kabisa. Uliowasoma vibaya ni wafanyakazi wa vibarua, yaani watu wa hali kama ya mpagazi wetu.

Mfano wa tatu unarudi India. Huko wako vibarua walioshindwa kutambuliwa na mashine ya alama za vidole kwa sababu kazi ngumu imezifuta alama hizo. Kazi yenyewe iliwanyima ushahidi kwamba wao ni wao. Wanaovunja kokoto na wanaovuta kamba za mahema mlimani wajiulize itakuwaje kwao. Kwa hiyo kila mfumo lazima uwe na mlango wa pili: ofisa mwenye mamlaka ya kumtambua mtu kwa njia nyingine, bila kumfukuza.

Kutokana na mifano hii tunapata kanuni tatu. Moja, mfanyakazi awe msomaji wa kwanza wa kumbukumbu zake. Mbili, mwajiri aandike siku za kazi, lakini asisome yasiyomhusu. Taarifa za ugonjwa zilizo katika bima au fidia zikimfikia mwajiri, zitakuwa kipande kipya cha kuchagulia nani aachishwe. Tatu, mashine isikate wala kunyima haki ya mtu kabla binadamu anayewajibika hajasikiliza.

7. Fedha za michango ni mali ya pamoja

Kumbukumbu nzuri zina faida nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa. Michango ikijulikana, mtaji wa wafanyakazi unajulikana. Hapa Moshi, kiwanda cha viatu na bidhaa za ngozi cha Karanga kimejengwa kwa ubia wa PSSSF na Jeshi la Magereza, na kilizinduliwa Oktoba 2020. Maana yake ni kwamba akiba ya mwalimu wa Rombo na muuguzi wa Mtwara imegeuka kuwa mashine za kushona viatu Karanga. Hatua kama hiyo inampa mfanyakazi haki ya kuuliza: kitega uchumi hiki kinazalisha nini, na kinarudisha kiasi gani? Mtu asiyejua michango yake mwenyewe hawezi kuuliza swali hilo. Kumbukumbu ya mtu mmoja ni mwanzo wa usimamizi wa mali ya wote.

8. Wajibu wa kada

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwataka viongozi waache ubwana na wawashirikishe wafanyakazi katika maamuzi. Mwongozo huo haukujua kompyuta, lakini unatufaa sana leo, kwa sababu ubwana unaweza kujificha ndani ya mashine. "Mfumo umekataa" ni amri ya bwana asiyeonekana.

Kwa hiyo kada wa shina au tawi ana kazi za kufanya bila kusubiri mtaalamu. Awaulize wafanyakazi wa eneo lake, mmoja mmoja, kama wana namba ya taifa na namba ya uanachama. Awasaidie kuangalia kama michango iliyokatwa imefika, na wanaoona pengo walipeleke mapema, miaka haijapita. Wapagazi, wahudumu wa hoteli na wafanyakazi wa majumbani awaunganishe na chama chao cha wafanyakazi, CHODAWU, maana mtu mmoja akilalamika huachishwa, lakini hamsini wakilalamika husikilizwa. Asiyejua kusoma ujumbe wa simu asomewe, na asomewe na mtu anayemwamini, siyo na yule anayemdai. Na kada mwenyewe, ikiwa ana msaidizi wa nyumbani au kibarua dukani, aanze kwa kumwandikisha huyo.

Maswali ya majadiliano

1. Kipande cha wakati wa ukoloni na namba ya uanachama ya leo vyote humhesabu mfanyakazi. Eleza tofauti kati yake kitabaka.

2. Katika tawi lenu, ni kazi zipi za msimu ambazo siku zake haziandikwi popote? Nani anafaidika kwa kutoandikwa huko?

3. Je, michango ya miezi 180 ni kipimo cha haki kwa mfanyakazi wa msimu? Kama si cha haki, pendekezeni kingine, na mweleze gharama yake itabebwa na nani.

4. Mfanyakazi akiambiwa "mfumo umekataa", tawi lifanye nini katika wiki ya kwanza?